Oksijeni inalisha saratani au inaiua? Uchambuzi wa kisa cha mgonjwa aliyesimamisha tiba

Kisa hiki kimetoka kwenye kliniki yetu ya wagonjwa waliowahi kupigwa mionzi. Mgonjwa ameridhia kisimuliwe. Umri, tarehe na mambo mengine ambayo yangemtambulisha yeye au ndugu zake yameondolewa au kubadilishwa. Makosa hatukuyabadilisha.

## Usuli

Mgonjwa ni mama mwenye umri wa zaidi ya miaka 50. Miaka 4 kabla ya kisa hiki alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi ya nje, mionzi ya ndani, na dozi ya sisplatini, dawa ya saratani, kila wiki. Tiba ilimkubali. Katikati yake hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ilishuka hadi 8.6, akaongezewa chupa 2 za damu, na daktari aliyekuwa zamu akamweleza sababu: mionzi huua seli za saratani vizuri zaidi panapokuwa na oksijeni, na oksijeni hubebwa na damu. Naomba msomaji aishike sentensi hiyo. Mgonjwa aliishika kwa miaka 4.

Mwaka wa nne akaanza kukojoa damu. Kwanza mkojo wa rangi ya waridi, halafu mwekundu, halafu mabonge. Alilazwa mara 2 kwa mkojo kuziba. Tukamwekea mpira wa njia tatu na kuosha kibofu usiku kucha mpaka maji yakarudi yakiwa safi. Mara ya pili ilibidi aongezewe damu tena.

Mtu aliyewahi kuugua saratani ya nyonga akikojoa damu, swali la kwanza ni kama ugonjwa umerudi. Tuliingiza kamera kwenye kibofu. Ukuta ulikuwa umepauka, na juu yake vimishipa vyembamba vilivyojisokota kama nyuzi nyekundu, vinavuja hata vikiguswa na maji tu. Uvimbe hatukuuona. Picha ya MRI ya nyonga ilikuwa safi, na mkojo uliopelekwa maabara haukukutwa na seli za saratani. Kinyama cha kupima maabara hatukukata. Nyama iliyopigwa mionzi ina damu haba. Ukiikata inaweza isipone, ukajikuta umetoboa njia kati ya kibofu na uke kwa kutafuta kitu ambacho picha hazikukionyesha.

Hilo lilikuwa jeraha la mionzi lililochelewa. Mionzi ikishaua uvimbe huiacha mishipa midogo ya jirani ikiwa na kuta nene na njia nyembamba. Miaka inapita, mishipa inaziba mmoja baada ya mwingine, na nyama inayoitegemea inabaki na njaa ya oksijeni. Tiba tuliyopendekeza ni chumba cha shinikizo: mgonjwa anaketi ndani, shinikizo la hewa linapandishwa hadi mara 2.4 ya kawaida, naye anavuta oksijeni tupu kwa dakika 90 akipewa mapumziko mafupi ya hewa ya kawaida. Vipindi 40, siku 5 kwa wiki. Hatukubuni hili. Jaribio la hospitali 5 za nchi za Nordiki, lililochapishwa 2019, liligawa kwa kura wagonjwa wenye tatizo hilihili, na waliopita kwenye chumba walipata nafuu ya mkojo kuliko waliobaki na huduma za kawaida.

Mgonjwa akasaini fomu. Nimeisoma upya fomu hiyo mara nyingi tangu siku ile. Inataja masikio, macho, degedege na hatari ya moto. Neno saratani halimo.

## Mfuatano wa matukio

Vipindi 11 vya kwanza vilikwenda vizuri. Kwenye kipindi cha pili masikio yalimuuma shinikizo lilipokuwa linapanda. Fundi wa chumba akalisimamisha, akamfundisha kubana pua na kumeza mate, wakaendelea. Baada ya hapo hakulalamika.

Siku ya kipindi cha 12 hakuja. Muuguzi alipompigia simu, akajibiwa, "Nina mafua, mwanangu." Mafua ni sababu halali kabisa, maana mtu mwenye pua iliyoziba hapandishwi shinikizo; anaweza kupasuka ngoma ya sikio. Muuguzi akaandika "mafua" kwenye faili na kumpa pole. Siku ya pili, mafua. Siku ya nne, mafua.

Siku ya tano alikuja mwanawe. Alinikuta koridoni nimeshika faili, wagonjwa watatu wananisubiri. Akasalimia, akauliza, "Daktari, ni kweli oksijeni inaleta saratani?" Nikamjibu nikiwa natembea: huo ni uzushi wa mtandaoni, mwambie mama arudi. Akashukuru, akaondoka. Adabu yake ilinidanganya.

Siku mbili baadaye alirudi na karatasi zilizochapwa, mistari imepakwa rangi ya njano. Haukuwa uzushi. Ulikuwa utafiti wa kweli, uliochapishwa mwaka 2015 kwenye jarida la kisayansi la PeerJ na Kamen Simeonov na Daniel Himmelstein, wakilinganisha kaunti za magharibi mwa Marekani: kadiri kaunti ilivyokuwa juu kutoka usawa wa bahari, ndivyo saratani ya mapafu ilivyokuwa chache. Kwenye kichwa cha makala waandishi wanasema wazi kwamba huo ni ushahidi kuwa oksijeni ni kisababishi cha saratani kinachovutwa. Nilimwambia nitausoma. Kwa sababu ambazo sizitetei, nilisubiri wikiendi.

Siku ya 9 mama aliletwa dharura. Kifua kinaungua, anatapika, mkojo umekuwa mwekundu tena. Daktari kijana aliyempokea aliona kitu ambacho sisi wakubwa tungekipita: midomo na ncha ya ulimi vilikuwa vyeupe kama vilivyopakwa chokaa. Akauliza, "Mama, umekunywa nini?"

Mama akamtazama kaka yake aliyekuwa amesimama pembeni ya kitanda. Kisha akatoa mkobani kichupa cha kahawia chenye mrija wa kudondoshea matone, kimefungwa kwenye leso. Lebo ilisema haidrojeni peroksaidi, asilimia 35. Ile ya kusafishia vidonda huwa asilimia 3. Alianza na tone 1 kwenye glasi ya maji, akawa anaongeza kila siku, na siku hiyo alikuwa amefika matone 17, mara 3 kwa siku. Daktari akadondosha tone moja kwenye pamba yenye damu. Likachemka mapovu meupe papo hapo. "Umeona?" akasema kaka yake, kwa fahari kidogo. "Ndiyo oksijeni yenyewe inatoka. Saratani haikai penye oksijeni."

Mmoja wetu alicheka, kisha akajuta. Nyumba moja, kwa wiki moja, ilikuwa inamficha mgonjwa asivute oksijeni na wakati huohuo inamnywesha oksijeni. Lakini mama alipoulizwa, alilieleza jambo lenyewe kwa ufasaha kuliko sote: "Mwanangu anasema inalisha ugonjwa. Kaka anasema inaua. Ninyi zamani mliniambia inaua, safari hii mkaniambia inaponya. Nikaona bora nikae nyumbani."

## Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa tumbo, si kibofu. Peroksaidi ikigusana na tishu huvunjwa na kimeng'enya cha kataleza na kuwa maji na gesi ya oksijeni, na gesi hiyo si haba: lita 1 ya asilimia 35 hutoa zaidi ya lita 100. Inachoma kuta za umio na tumbo, na mapovu yakiingia kwenye mishipa yanaweza kufika moyoni au kwenye ubongo. Watu wamekufa kwa kuinywa na kwa kuwekewa kwenye dripu. Tulipiga picha kutafuta gesi mahali pasipopaswa kuwa na gesi, hatukuiona. Kamera ya tumbo ilionyesha wekundu na michubuko ya juujuu. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa anaichanganya na maji mengi. Akaanzishiwa dawa ya kupunguza asidi. Kichupa tulikiomba, kaka yake akakitoa bila ubishi, ingawa aliuliza kama atarudishiwa fedha yake.

La pili ni kutomrudisha chumbani haraka. Wapo waliotaka arudi keshoyake, kwa hoja kwamba kukatika kwa vipindi kunapunguza faida. Ni hoja ya kweli. Ila mgonjwa aliyerudishwa kwa kusukumwa angepata mafua mengine wiki inayofuata.

La tatu lilitubishanisha. Daktari wa upasuaji alipendekeza safari hii tukate kinyama, ili tumpe mama jibu lenye muhuri wa maabara kwamba saratani haijarudi. Nilielewa huruma iliyokuwa nyuma yake. Tulikataa: kutoboa kibofu ili kutuliza hofu ni biashara mbaya. MRI pia hatukuirudia, maana ilikuwa na wiki 7 tu. Lakini kibofu kilihitaji kuoshwa mabonge, kwa hiyo kamera iliingia kwa vyovyote, na hapo muuguzi akatoa wazo ambalo hakuna daktari aliyelifikiria. Akageuza skrini ili mama aone.

Mama aliangalia ukuta uliopauka na zile nyuzi nyekundu kwa muda mrefu. Akauliza, "Uvimbe uko wapi?" Tukamzungushia kamera polepole, pande zote, mpaka tukarudi tulipoanzia. Haupo. "Na hapa peupe?" Hapo ndipo mishipa ilipokufa. "Kwa hiyo hapa ndipo pana njaa." Neno njaa nimelitumia kwenye usuli hapo juu; ni lake.

La nne ni kikao cha familia, mama, mwanawe na kaka yake, saa nzima, milango imefungwa, simu yangu iko mezani kwa mtu mwingine. Nilianza kwa kumwomba kijana radhi kwa kuuita utafiti wake uzushi. Baadhi ya wenzangu walidhani ningepoteza heshima. Kijana alisogeza kiti chake karibu na meza.

## Matokeo

Mama alirudi chumbani siku 19 baada ya kipindi cha 11, akamaliza vyote 29 vilivyobaki. Damu ilipungua taratibu, ikawa inaonekana asubuhi tu, na mwishoni mwa vipindi haikuonekana tena. Njiani macho yalimsumbua. Alikuwa haoni vizuri mbali, akawapita watu barabarani bila kuwasalimia, wengine wakanuna. Hilo ni tatizo linalojulikana la chumba cha shinikizo na huisha lenyewe. Kwake liliisha baada ya miezi 2 hivi.

Miezi 6 baadaye hemoglobini ilikuwa 11.9 bila kuongezewa damu. Baada ya miaka 2 hakuna dalili ya ugonjwa kurudi. Matokeo ya mtu mmoja hayathibitishi kwamba oksijeni ya shinikizo ni salama kwa waliopona saratani. Angeweza kupona vilevile ikiwa si salama, kama ambavyo ugonjwa ungeweza kurudi ikiwa ni salama. Yanaonyesha tu yaliyompata yeye.

## Uchambuzi

### Kweli tatu zisizo na mahali

Kila aliyezungumza na mama huyu alikuwa na kipande cha kweli mkononi. Tatizo ni kwamba kila mmoja alisema "oksijeni" bila kusema oksijeni ya wapi. Ya hewani inayogusa mapafu? Iliyobebwa na damu? Inayofika, au isiyofika, kwenye kiini cha uvimbe? Inayofika kwenye nyama iliyounguzwa na mionzi? Hayo ni maswali manne, na majibu yake yanatofautiana bila kupingana.

Tuanze na sentensi ya miaka 4 nyuma, kwamba mionzi inahitaji oksijeni. Ni kweli, na inajulikana tangu miaka ya 1950. Mionzi huvunja DNA, na oksijeni iliyopo papo hapo hulifanya lile jeraha lisirekebishike. Seli isiyo na oksijeni huhitaji dozi kubwa zaidi kwa takriban mara 2.5 hadi 3 ili ife. Ndiyo maana mgonjwa mwenye damu kidogo huongezewa. Lakini oksijeni pale haiui kitu peke yake. Mionzi ndiyo inayoua. Oksijeni huishikia mlango. Daktari wa zamu hakuyasema hayo yote, na sidhani kama mimi ningeyasema saa 3 usiku wodini. Aliyebaki na nusu ya sentensi akabaki na "oksijeni inaua saratani", na kutoka hapo hadi kwenye kichupa ni hatua moja. Tulizoea kumlaumu muuza kichupa. Mbegu tuliipanda sisi.

### Kichupa na hadithi ya Warburg

Kaka wa mgonjwa alikuwa na hoja nyingine: eti mwanasayansi mmoja alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kwamba saratani husababishwa na ukosefu wa oksijeni. Hadithi hii imezunguka dunia nzima. Mwenyewe ni Otto Warburg, Mjerumani, na tuzo alipewa kweli, mwaka 1931. Ila alipewa kwa kazi yake juu ya kimeng'enya cha upumuaji wa seli, si kwa saratani.

Kuhusu saratani, alichokiona miaka ya 1920 kinavutia kuliko hadithi yenyewe. Seli za uvimbe hula sukari nyingi mno na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki, jambo ambalo seli ya kawaida hulifanya hasa oksijeni inapopungua. Seli za saratani hulifanya *hata oksijeni ikiwapo*. Maneno hayo matatu ndiyo yanayoivunja hoja ya kichupa. Kama uvimbe unachachusha sukari huku oksijeni iko mezani, kuuongezea oksijeni hakutaubadilisha tabia. Warburg mwenyewe hadi uzeeni alishikilia kwamba kasoro ya upumuaji ndiyo chanzo cha saratani. Baadaye ilionekana kwamba seli nyingi za saratani bado zinaweza kutumia oksijeni, na kwamba ile tabia ya ulaji sukari kwa sehemu kubwa hufuata mabadiliko ya vinasaba, haiyatangulii.

Kuna jambo jingine la kawaida kabisa. Mtu mwenye mapafu mazima, hemoglobini yake imejaa oksijeni kati ya asilimia 95 na 100. Ndoo imejaa, ukimimina zaidi inamwagika. Kiini cha uvimbe hakikosi oksijeni kwa sababu damu haina, bali kwa sababu kiko mbali na mshipa. Mwaka 1955 Thomlinson na Gray walipima uvimbe wa mapafu chini ya hadubini wakaona kwamba nyama iliyo mbali na mshipa kwa kiasi cha sehemu mbili za kumi za milimita hufa kwa kukosa oksijeni. Kwenye kikao nilichora mshipa na duara kuuzunguka, nikamwonyesha kaka yule mahali matone yake yanapoishia: tumboni, mapovu. Hakukubali siku hiyo. Aliuliza tu kama inaweza kusafishia vidonda, nikamwambia ya asilimia 35 hata vidonda itavichoma.

### Hofu ambayo haikuwa ya kipuuzi

Upande wa pili, ule wa kijana, ulistahili jibu makini zaidi, kwa sababu hesabu iliyo ndani yake ina mantiki. Oksijeni ni kemikali kali. Seli ikiitumia, sehemu ndogo hutoroka kama radikali huru, na hizi hugonga DNA na kuacha alama. Chumbani mama alikuwa anavuta oksijeni yenye shinikizo la takriban mara 11 ya ile tunayovuta sote. Mtu akiuliza kama hilo halina madhara, hajakosea kuuliza.

Lakini utafiti wa milimani unasema nini hasa? Kwamba kila mita 1,000 za kwenda juu, saratani ya mapafu ilipungua kwa visa 7.23 katika kila watu 100,000. Waandishi walijitahidi kuondoa athari za sigara na mengineyo, na wakaona uhusiano huo hauonekani hivyo kwa saratani za matiti, utumbo na tezi dume. Hapo ndipo hoja yao ilipo: ikiwa oksijeni ya hewani ina hatia, kiungo kinachoigusa moja kwa moja ndicho kingeumia. Ni wazo zuri. Ila walilinganisha kaunti na kaunti, hawakufuatilia mtu na mtu, na kaunti ya mlimani hutofautiana na ya bondeni kwa mambo chungu nzima. Tena, utafiti uleule uliomtisha kijana ulikuwa unamtuliza kama angeusoma mpaka mwisho: saratani za viungo vingine hazikufuata oksijeni. Mama yake alikuwa na historia ya mlango wa kizazi.

Kuna pia mahali ambapo tahadhari dhidi ya oksijeni nyingi imebadilisha kazi zetu: watoto wachanga. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2002 ulihusisha kufufuliwa kwa oksijeni tupu na saratani ya damu utotoni. Miongozo ya tangu 2010 inaelekeza kuanza na hewa ya kawaida kwa mtoto aliyetimiza miezi, hasa kwa sababu waliopewa hewa walinusurika zaidi. Kwa hiyo sikuweza, kwa nia safi, kumwambia kijana kwamba oksijeni haina ubaya wowote.

Hofu nzito kuliko hiyo hakuna aliyeileta, tulijiletea wenyewe. Chumba cha shinikizo kinaponya jeraha la mionzi kwa kuchochea mishipa mipya ya damu. Uvimbe nao unahitaji mishipa mipya. Je, kama pana seli chache za saratani zimejificha, si tunazichimbia kisima? Jibu lipo kwenye biolojia ya HIF, protini ambayo kazi juu yake iliwapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Nobel ya 2019. Oksijeni ikiwapo, seli huiwekea HIF alama na kuivunja. Oksijeni ikikosekana, HIF hubaki, huingia kwenye kiini cha seli na kuamrisha mishipa iote na sukari iliwe. Seli za saratani zinaitumia njia hiyo mchana na usiku. Ushahidi mkali kuliko wote ni wa watu waliozaliwa na kasoro ya kinasaba cha VHL, kile kinachosaidia kuivunja HIF: seli zao huishi kana kwamba hazina oksijeni huku oksijeni ipo tele, na watu hao hupata saratani za figo. Kwa uvimbe, basi, kengele hulia kwa *upungufu*. Kumwaga oksijeni hakuipigi kengele hiyo kwa namna ileile. Mapitio ya tafiti zilizokusanywa, yakiwemo ya mwaka 2003 na 2012, hayakukuta kwamba chumba cha shinikizo huchochea saratani kukua au kurudi.

Hapo mama alituuliza swali zuri kuliko yote ya siku ile: kama hizo radikali ni mbaya, si anywe vidonge vya antioksidanti, vya kuzizima radikali, huku anaingia chumbani, awe na kinga? Ingekuwa rahisi kusema havina neno. Jaribio kubwa la Finland, lililotoa matokeo 1994, liliwapa wavuta sigara beta-karotini, aina mojawapo ya antioksidanti, kwa fikra hiyohiyo. Wanaume 29,133 walishiriki, na waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Jaribio la Marekani la CARET lilisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu kama hiyo. Mwili una mizani yake ya oksijeni, na anayebonyeza upande mmoja bila kuona upande wa pili anaweza kuumiza. Akaviacha.

### Tulipoharibu na tulipopatia

Fomu ya ridhaa ndiyo kosa la kwanza kwa wakati. Kila mtu anayepelekwa kwenye chumba hiki kwa jeraha la mionzi ameshawahi kuugua saratani, swali la "je, itarudi?" analo kabla hajaketi. Kutoliandika ni kumwachia mtandao ujibu. Sasa lina aya yake, na linasomwa kwa sauti.

Faili la mafua lilinisumbua zaidi. Muuguzi hakukosea kuamini. Sababu ilikuwa ya kweli kitabibu, na labda ndiyo maana mama aliichagua. Baada ya vipindi 11 alikuwa anajua ni udhuru gani haupingwi. Kosa letu lilikuwa kuendelea kupiga simu ileile ya maneno yaleyale kwa siku 4 bila kumwomba aje tu, bila chumba, azungumze.

Na koridoni nilikuwa mimi. Jibu la sekunde 5 lilimgharimu mama siku 4 nyingine za peroksaidi, kwa sababu kijana alikwenda nyumbani kumwambia mjomba wake kwamba madaktari hawajui hata tafiti zilizopo, na mjomba akaona hiyo ni ruhusa ya kuongeza matone.

Kilichofanya kazi ni skrini. Maelezo ya HIF sidhani kama yalimbadilisha yeyote mle ndani isipokuwa kijana. Mama alibadilishwa na kuona mwenyewe ukuta wa kibofu chake, peupe na pekundu, na kutoona uvimbe. Nimejaribu njia hiyo kwa wengine tangu hapo. Si wote wanaotaka kuangalia, na huulizwa kwanza.

Swali jipya kwenye ukurasa wa kwanza wa kliniki linasema: "Unakunywa, unapaka au unavuta nini ambacho hatukukuandikia?" Lilipendekezwa na yule daktari kijana.

Kijana alimsindikiza mama yake kwenye kliniki ya mwisho. Wakati wa vipindi walinzi walimfukuza mara mbili karibu na jengo la chumba, maana alikuwa anavuta sigara mita chache kutoka kwenye mitungi ya oksijeni. Akaniuliza, nusu kwa utani, kama ahamie milimani kwa ajili ya mapafu yake. Nikamuuliza anavuta ngapi kwa siku. Alicheka, akaweka mkono kwenye mfuko wa shati, juu ya pakiti. Nilimwambia kwamba mvuta sigara hujiongezea hatari ya saratani ya mapafu mara 15 hadi 30, na kwamba hakuna mlima wa kumlipia deni hilo. Akachukua namba ya kliniki ya kuacha sigara. Hadi ninapoandika, hajapiga.